Kujitegemea bila madaraka ni kibarua bila ujira

Neno kujitegemea limetamkwa katika nchi hii tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiasi kwamba hakuna mtumishi wa umma asiyelijua wala mwalimu asiyepata kulifundisha. Limeandikwa katika kuta za madarasa na limehubiriwa katika mikutano ya hadhara. Lakini neno linalotamkwa kila siku huweza kupoteza makali yake, kama jembe linalolimia mawe. Mahali pengi kujitegemea kumebaki na maana moja tu: wananchi wasombe mchanga, wapasue kokoto, wafyatue matofali na watoe michango. Mahali pa kujenga pamekwisha kuchaguliwa na wengine, ramani imeletwa kutoka mbali, hesabu zinatunzwa na wengine, na siku ya ufunguzi wananchi hualikwa kuja kupiga makofi.

Tafsiri hiyo imekatwa nusu. Kujitegemea kunasimama kwa miguu miwili, yaani kazi na madaraka. Mtu afanyaye kazi bila kuwa na kauli juu ya matunda ya kazi yake hajitegemei. Yeye ni kibarua, tena kibarua asiye na ujira. Na kijiji kinachotakiwa kujilisha, kujilinda na kujijenga, huku kikinyimwa uwezo wa kuamua, kitafanya kama afanyavyo kibarua yeyote: kitafanya kazi msimamizi akiwapo, na kitaketi kivulini mara msimamizi akigeuza kisogo. Ushahidi wa jambo hilo hauna haja ya kutafutwa ng'ambo. Upo mkoani Singida.

Ardhi isiyosamehe uvivu

Singida, iliyofanywa kuwa mkoa mwaka 1963, ni nchi kavu ya katikati. Mvua zake ni za msimu mmoja, huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukoma kabla ya katikati ya mwaka unaofuata, na si kila mwaka hutosha. Watu waliodumu katika nchi ya namna hiyo kwa vizazi vingi, Wanyaturu, Wanyiramba, na Wagogo wa upande wa Manyoni, hawakudumu kwa bahati. Walidumu kwa sababu walikuwa na utaratibu.

Mnyaturu alifuga ng'ombe si kwa maziwa na mahari tu, bali kwa samadi iliyorutubisha shamba la mtama na uwele. Zizi lilikuwa karibu na nyumba, na shamba lilikuwa karibu na zizi. Mpango huo ulikuwa elimu ya kilimo hata kama haukuandikwa kitabuni. Kazi nzito ya kulima na kuvuna ilifanywa kwa kualikana, na mwenye shamba aliwaandalia majirani pombe ya mtama. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja; wengine aliwakabidhi kwa ndugu na marafiki wa mahali pengine, ili maradhi au ukame ukishambulia upande mmoja, upande wa pili ubaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yao.

Yote hayo yaliendeshwa bila mtawala mmoja wa Wanyaturu wote. Mashauri yaliamuliwa na wazee wa koo na wa ujirani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, ndio waliowasimamishia watawala wa kukusanya kodi na kupokea amri. Haifai kuupamba wakati huo wa kale kana kwamba ulikuwa pepo. Wanawake hawakuwa na sauti sawa barazani, vijana waliwategemea wazee kwa kila kitu, na njaa iliwatembelea watu. Lakini ni kosa pia kudhani kwamba watu hao walikuwa wamekaa tu wakingoja kuja kupangwa.

Njaa iliyowaangamiza watu wa Ugogo kati ya miaka ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inatoa fundisho la peke yake. Ukame ulikuwapo, lakini watu wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kuzoea ukame. Jambo jipya lilikuwa vita. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka ghalani, na yaliwachukua wanaume kuwa wapagazi. Bima ya ng'ombe ikatoweka, akiba ikatoweka, na mikono ya kulima ikatoweka. Mvua ilipokosekana, hapakuwa tena na kitu cha kuegemea. Dola iliyochukua nguzo za nyumba haiwezi baadaye kumlaumu mwenye nyumba kwa kuangukiwa na paa.

Nia njema na mkono mzito

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nia ilikuwa tofauti kabisa na ile ya mkoloni. Hakuna mtu mwenye haki atakayekana kwamba shule, zahanati, visima na kisomo cha watu wazima viliwafikia watu ambao mkoloni hakuwahi kuwafikiria. Mwalimu Nyerere alieleza mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Wazo hilo lilikuwa wazi. Utekelezaji wake ndio uliopinda.

Mkoani Ruvuma vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa mapema katika miaka ya 1960, na vijiji vingine vikafuata nyayo zake hata vikawa zaidi ya kumi. Vilikuwa na umoja wao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na shule iliyofundisha watoto maisha ya ujamaa. Maamuzi yalitoka katika mikutano ya wanakijiji. Mwezi Septemba 1969 uongozi wa juu wa TANU uliamua kuuvunja umoja huo. Wananchi waliokuwa wakiitekeleza siasa ya Chama kwa hiari yao wakaonekana kuwa nje ya usimamizi wa Chama.

Baada ya hapo mambo yalifuatana upesi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na madaraka yaliyotoka Dar es Salaam yakatua mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya badala ya mikononi mwa wanavijiji. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mkulima aliyehamishwa mbali na shamba alilolitilia samadi kwa miaka mingi alitakiwa kuanza upya katika udongo asioujua, kwenye mstari uliochorwa na mtu asiyelima.

Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha serikali za mitaa, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kurudisha ushirika. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Kiongozi mkubwa aliona jambo hilo na akalisema. Linalobaki ni kwa watumishi wa ngazi zote kulizingatia katika kazi zao za kila siku.

Vijiji vitano na msitu mmoja

Katika Wilaya ya Singida kuna msitu wa miombo wa Mgori, wenye takriban hekta 40,000. Hadi miaka ya mwanzo ya 1990 msitu huo ulikuwa katika hali ambayo maofisa wengi wanaifahamu. Kwa maneno ulikuwa mali ya umma. Kwa vitendo ulikuwa mali ya yeyote mwenye shoka. Wapasua mbao, wachoma mkaa, wawindaji na wafyekaji wa mashamba mapya waliingia na kutoka. Watumishi wa misitu walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Dawa iliyofikiriwa kwanza ilikuwa ile ya siku zote, yaani kupima mipaka, kutangaza hifadhi ya Serikali, na kuwaweka wananchi nje.

Jirani na hapo, katika Wilaya ya Babati, dawa hiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha madhara yake. Wananchi wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba waliposikia kwamba msitu utachukuliwa na Serikali, baadhi yao waliharakisha kukata, kwa hoja rahisi kwamba kesho hautakuwa wao. Mpango wa hifadhi ya Serikali ukaachwa, na kuanzia mwaka 1994 vijiji hivyo vikakabidhiwa ulinzi wa msitu kuwa misitu yao ya vijiji. Mwaka uliofuata, 1995, njia hiyo hiyo ikaanza kufuatwa Mgori. Vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikaanza kazi. Msaada wa Sweden ulikuwapo, na mtaalamu Liz Alden Wily alikuwa miongoni mwa walioshauri na kuandika habari zake; lakini hakuna mgeni aliyekesha msituni.

Yafaa kueleza jinsi kazi ilivyofanyika, kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo fundisho. Kwanza vijiji vilikubaliana mipaka baina yao wenyewe, kwa kutembea msituni pamoja na wazee wanaojua vijito na miti ya alama. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, si kwa ajili ya kuvuna tu, bali kwa ajili ya kuijibia. Kila kijiji kikachagua kamati ya msitu. Mkutano wa kijiji ukaamua lipi ni ruhusa, lipi ni kwa kibali, na lipi ni mwiko. Walinzi wakateuliwa kutoka miongoni mwa vijana wa kijiji chenyewe. Kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, walinzi walisamehewa kazi nyingine za kijiji na kupewa sehemu ya faini. Makubaliano hayo yakaandikwa kuwa sheria ndogo na kupelekwa halmashauri ya wilaya, ili yapate nguvu mahakamani.

Matokeo hayakuchelewa. Wafyekaji wa mashamba na wapasua mbao wasio na idhini wakaanza kuondoka. Mlinzi wa kijiji alikuwa na jambo moja ambalo askari wa kutumwa hawezi kuwa nalo: alimjua kila mtu. Alijua shoka linalosikika alfajiri ni la nani, mkaa unaopita njiani umetoka upande gani, na mgeni aliyelala jana amelala kwa nani. Tena hakuhitaji gari wala posho ya safari ili kufika msituni, kwa sababu alikuwa akiishi huko. Kazi iliyoishinda ofisi yenye watumishi wachache iliwezekana kwa watu wengi waliokuwa na sababu ya kuifanya.

Jambo hilo halikuishia Singida na Babati. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali kwamba wananchi wanaweza kuwa wasimamizi wa misitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kuizuia halmashauri hiyo kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikautambua msitu wa hifadhi ya kijiji. Hadi mwisho wa muongo huo wa 2000, zaidi ya hekta milioni mbili za misitu nchini zilikuwa chini ya usimamizi wa vijiji. Mkulima alitangulia, na sheria ikamfuata.

Hoja za wenye mashaka

Zipo hoja zinazotolewa maofisini dhidi ya jambo hili, na baadhi yake zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba wanakijiji ni masikini, na masikini akipewa msitu ataumaliza. Hoja hii inasahau ni nani aliyekuwa akiumaliza msitu kabla vijiji havijakabidhiwa. Kitu kinachokwisha upesi ni kile kisicho na mwenyewe. Mwanakijiji anayetegemea msitu kwa fito, dawa, asali, malisho na maji ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumia ukitoweka. Tajiri wa mkaa akiumaliza msitu mmoja hupeleka lori lake kwenye mwingine. Mwanakijiji hana pa kuhamishia kisima.

Ya pili ni kwamba viongozi wa vijiji nao hula. Hiyo ni kweli, na haifai kufichwa. Mwenyekiti anaweza kuuza miti usiku, na kamati inaweza kugawana faini. Lakini dawa ya ugonjwa huo haipatikani kwa kuyahamisha madaraka kwenda kwa mtu aliye mbali zaidi, ambaye akila haonekani. Sheria imeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, nao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo ukiitishwa, na hesabu zikasomwa kwa sauti, mwizi wa kijijini hujulikana kwa jina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji kinachojitawala bila daftari kimebadilisha bwana tu.

Ya tatu inatoka upande mwingine, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu inavaa nguo za sifa. Wapo wanaosema: ikiwa wananchi wanaweza kujiendesha, basi waachwe. Chini ya kauli hiyo mtumishi mvivu hujificha. Kijiji cha Singida hakiwezi peke yake kutengeneza chanjo, kusomesha daktari, au kumkamata tajiri mwenye malori anayekaa mji mwingine. Kijiji chenye madaraka kinaihitaji Serikali kwa namna iliyo tofauti: kinahitaji mahakama inayoheshimu sheria ndogo zake, polisi anayeitika kinapomkamata mwizi wa mbao, na halmashauri ya wilaya inayotia sahihi kwa wakati. Kijiji kisichotegemea kuambiwa la kufanya bado kinastahili kulindwa katika kile kinachokifanya.

Wajibu wa mwenye kalamu

Hapo ndipo jambo linapofika mezani kwa mtumishi wa umma. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka imeidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Maana yake ni kwamba wanakijiji wanaweza kukubaliana, kutembea mipaka, kuchagua walinzi na kuandika kila kitu, kisha jasho lao lote likalala katika jalada chini ya jalada jingine. Miezi inapita. Mlinzi anamkamata mchoma mkaa, anampeleka mbele, naye anaachiliwa kwa sababu karatasi haijarudi. Mlinzi huyo hatakamata tena. Wale waliosema tangu mwanzo kwamba msitu si wetu watachekelea, na shoka litarudi. Hakuna mtu aliyeagiza msitu ule ukatwe. Umekatwa na kalamu ambayo haikuandika.

Bwana misitu, bwana shamba na mtendaji wa kata wana ujuzi ambao kijiji kinauhitaji. Mkulima anajua udongo wake, lakini huenda hajui bei ya mbao mjini, wala jinsi ya kukadiria ni miti mingapi yaweza kukatwa kwa mwaka bila kuudhuru msitu. Mtaalamu aje aseme anachokijua, ajibu maswali, kisha aketi chini na kuuacha mkutano uamue. Na mkutano ukiamua kinyume cha matakwa yake bila kuvunja sheria, hilo lisihesabiwe kuwa ukaidi.

Mwalimu naye ana sehemu yake, tena kubwa. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikukusudiwa kuwa jina la shamba la shule ambalo mazao yake wanafunzi hawajui yalikokwenda. Shule ya kijiji chenye msitu inaweza kufundisha hesabu kwa daftari la faini, jiografia kwa ramani ya mipaka, na uraia kwa kusoma sheria ndogo ya kijiji hicho hicho. Wanafunzi wa shamba la shule wakisomewa hesabu za mavuno yao na kuulizwa fedha zitumikeje, watajifunza madaraka kabla hawajafikia umri wa kuingia katika mkutano mkuu. Kijana ajuaye kuandika muhtasari, kudai stakabadhi na kuuliza swali la hesabu bila woga ni ulinzi wa kijiji kuliko uzio wowote.

Wala kusiwe na mtu wa kudhani kwamba kazi iliyoanza Mgori mwaka 1995, au popote pengine, hukamilika mara moja na kubaki hivyo milele. Watu wanaongezeka, mashamba yanatafutwa, miji inataka mkaa, na miradi ya wafadhili ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Gari la mradi likiondoka, kinachobaki ni mambo mawili: mkutano wa kijiji na ofisi ya wilaya. Mkutano ukiwa hai na ofisi ikiwa mwaminifu, msitu una matumaini. Kimoja kati ya hivyo kikilala, kingine huchoka.

Kipimo cha mtumishi aliyepelekwa kijijini kisiwe idadi ya maagizo aliyotoa, wala picha alizopiga siku ya ufunguzi. Kiwe ni hiki: siku atakapohamishwa, je, wanakijiji watajua mipaka yao, fedha zao ziko wapi, na nani wa kumwondoa akizila? Kama watajua, amefanya kazi ya ukombozi. Kama hawatajua, basi aliwatawala tu, hata kama aliwatawala kwa upole. Na wale wenye majalada ya vijiji mezani hawana haja ya kungoja semina. Wayafungue leo, wayasome, na yanayostahili sahihi wayatie sahihi.